Nani Kakwambia? Mwongozo kamili wa kufundisha utafiti na kutaja vyanzo katika somo la Kiingereza, kidato cha kwanza na cha pili

Katikati ya insha ya mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili, iliyoandikwa kwa wino wa bluu na mwandiko wa kujitahidi, nilikuta maneno "Click here to read more". Yalikaa kwenye mstari wake kama sentensi nyingine yoyote, na nukta mwishoni kaiweka. Alikuwa amenakili ukurasa mzima wa intaneti aliouprinti steshenari, neno la kwanza hadi la mwisho, pamoja na yale ya kumwambia msomaji abonyeze.

Nilimwita nikiwa nimeshajiandaa kumsema. Nikamwuliza, "Haya umeyatoa wapi?" Akanijibu bila wasiwasi: "Kwenye karatasi, Mwalimu." Nikamwuliza tena, "Na aliyeyaandika ni nani?" Akanyamaza. Hakunyamaza kama mtu aliyekamatwa. Alinyamaza kama mtu ambaye swali hilo halijawahi kumpitia kichwani.

Maneno yangu ya ukali niliyaacha palepale. Mtoto huyu shule ya msingi yote kasoma kwa Kiswahili. Anafika sekondari, karibu kila somo linageuka Kiingereza, na sisi tunampa kazi ya "nenda katafute habari kuhusu kitu fulani" kana kwamba kutafuta ni jambo mtu anazaliwa nalo. Akiipata habari, Kiingereza chake hakitoshi kuieleza upya. Kunakili ndiyo njia pekee iliyobaki wazi mbele yake. Tukimwita mwizi, tunamwadhibu kwa kitu ambacho hatujamfundisha.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifundisha jambo hili kwa mpangilio: wiki sita, vipindi viwili mfululizo kila wiki, dakika 80. Ninachoeleza hapa kimepita kwenye madarasa yenye wanafunzi 60, bila projekta na bila simu mikononi mwa wanafunzi. Mwenye darasa dogo na kompyuta atapata wepesi zaidi, lakini hatua ni zilezile.

Kabla ya kuingia darasani

Chagua mada moja kwa darasa zima. Najua tunapenda kumwachia kila mtoto achague yake, na siku ya hilo itafika, lakini mara ya kwanza usifanye hivyo. Mada zikiwa 60 hutaweza kujua nani kanakili nini. Mada ikiwa moja, na vyanzo umeviandaa wewe, kila sentensi utakayoisoma unajua ilikotoka.

Mada iwe ya pale mlipo. Mwalimu wa Kigoma anayo meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, ikazamishwa katika vita ya kwanza ya dunia, kisha ikaibuliwa na kurudi kazini. Mwalimu wa Moshi anao urefu wa Mlima Kilimanjaro: vitabu vingi husema mita 5,895, namba ya upimaji wa mwaka 1952, wakati upimaji wa mwaka 1999 ulitoa 5,892 na ule wa 2008 ukatoa 5,891. Mimi niko Tanga, kwa hiyo natumia mkonge. Watoto wangu wanapita kando ya mashamba yake wakienda kwa bibi zao, na wengi wana babu aliyewahi kuukata.

Tafuta vyanzo vitatu vya maandishi: ukurasa wa kitabu, habari ya gazeti, na ukurasa wa tovuti. Cha nne kitakuwa mtu, nitakuja kumweleza. Ukitoa kopi ya ukurasa wa kitabu, toa pia ya ule ukurasa wa mbele wenye jina la mwandishi, mchapishaji na mwaka. Hapa ndipo walimu wengi tunapojiharibia wenyewe. Tunatoa kopi ya ukurasa wa 47 peke yake, hauna jina wala mwaka, tunaugawa, halafu tunashangaa mtoto haoni kwamba maandishi yana mwenyewe. Gazeti likatwe pamoja na jina lake na tarehe. Ukurasa wa tovuti uprintiwe na anwani yake ionekane. Darasa la watu 60 lina vikundi 12 vya watu watano. Kila kikundi karatasi nne, jumla karatasi 48. Zipe namba kwa kalamu nyekundu, 1 mpaka 12, ili zirudi zote. Zitatumika miaka.

Nunua pia manila za rangi mbili na uzikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Vyeupe ni vya maelezo, vya njano ni vya vyanzo.

Wiki ya kwanza: swali moja tu

Usianze na neno utafiti wala neno marejeleo. Andika ubaoni, kwa Kiswahili: "Kesho hakuna shule." Waulize wangapi wanaamini. Kisha badilisha msemaji. Kasema mdogo wako wa darasa la pili. Kasema kiranja mkuu. Kasema mwalimu wa taaluma. Imeandikwa kwenye ubao wa matangazo, lakini tarehe yake ni ya mwezi uliopita. Kila mara waulize kilichobadilika, maana maneno ni yaleyale. Watakwambia wenyewe: kilichobadilika ni msemaji, na alivyojua, na alisema lini.

Darasani kwangu wapo wanaokwenda madrasa jioni, na hao ni msaada mkubwa. Huwa namwomba mmoja awaeleze wenzake kwa nini hadithi ya Mtume inatanguliwa na majina ya waliopokezana, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Mtoto wa miaka 14 anasimama, anaeleza kwamba msururu ukiwa na mtu asiyeaminika, hadithi hiyo inaitwa dhaifu. Darasa linanyamaza kumsikiliza. Tayari tumeshafundisha msingi wote wa kutaja chanzo, na aliyefundisha ni mwanafunzi, kwa kitu kilichoko kwao kabla kitabu cha Kiingereza hakijafika. Anayefundisha bara asiye na watoto wa madrasa atumie mjumbe wa msiba: anayeleta taarifa ya kifo haaminiwi mpaka aseme katumwa na nani.

Baada ya hapo ndipo uhamie Kiingereza. Bandika ukutani maswali matatu, na yakae hapo wiki zote sita: "Who told you? How do they know? When did they say it?" Kila mwanafunzi atakayesema jambo kuanzia siku hiyo, mwenzake ana ruhusa ya kumwuliza la kwanza.

Wiki ya pili: mada igeuke swali

"Sisal" si swali. Wape dakika kumi, kila mmoja aandike maswali mawili kuhusu mkonge, kwa Kiingereza kibovu apendavyo. Yakusanye, uyasome kwa sauti, darasa liyagawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni maswali yanayokwisha kwa neno moja, kama "When did sisal come to Tanga?" La pili ni yasiyo na mpaka, kama "Is sisal good?" La tatu ni yale yanayokudai usome zaidi ya sehemu moja.

Kipimo ninachowapa ni rahisi: swali likijibiwa lote na chanzo kimoja, ni dogo mno, ukishindwa kusema ni chanzo gani kingeweza kulijibu, ni kubwa mno. Mwishoni tunakubaliana swali moja la darasa. Mwaka jana lilikuwa "How did sisal come to Tanga, and who did the work?" Nusu ya kwanza inajibiwa na vitabu. Nusu ya pili inahitaji watu.

Wiki ya tatu: vyanzo vinapogongana

Kipindi hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa hiyo nitakieleza kwa kirefu.

Vitabu vinakubaliana kwamba mkonge uliletwa na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Lakini mwaka? Chanzo kimoja kitakuambia 1892, kingine 1893. Wape vikundi karatasi zenye miaka hiyo miwili bila kuwaambia lolote. Waache wagundue. Kila mara kuna kikundi kinachokuja mbio mezani: "Mwalimu, hiki kitabu kimekosea!" Usikimbilie kuwapa jibu. Waulize ni kipi kilichokosea na wamejuaje.

Baada ya mabishano wataanza kuona yanayowezekana. Labda mmoja kaandika mwaka miche ilipoagizwa na mwingine mwaka ilipopandwa. Labda mmoja kanakili kutoka kwa mwingine na akakosea. Kisha wafundishe la kufanya, kwa sababu mtoto akiachwa njiani atachagua mwaka anaoupenda. Kuna njia mbili halali. Aandike "in the early 1890s", au aseme wazi kwamba chanzo fulani kinasema hivi na kingine vile. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili, kujua kwamba anaruhusiwa kuandika kuwa vyanzo havikubaliani ni jambo kubwa. Wengi wanadhani kila swali lina jibu moja lililofichwa nyuma ya kitabu.

Halafu walete mamba. Inasimuliwa kwamba miche hiyo ilitoroshwa Mexico, kwenye asili ya mkonge, ikiwa imefichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Watoto wanaishangilia. Waache waishangilie, kisha waonyeshe ukutani: nani kakwambia, kajuaje, kasema lini? Darasa langu la mwaka juzi lilifikia uamuzi kwamba hadithi ya mamba inaweza kuingia kwenye insha, ila ni lazima iandikwe kama hadithi inayosimuliwa. Tukapata hapo nafasi ya kufundisha tofauti ya vitenzi vinne vya Kiingereza: "says", "explains", "reports" na "claims". Mamba alipewa "claims". Sijapata mfano mwingine uliowakaa vizuri kama huo; mpaka leo wanaukumbuka.

Kuhusu Wikipedia: usiwakataze, watakwenda tu. Waonyeshe kwamba thamani yake kubwa iko chini kabisa ya ukurasa, kwenye orodha ya vyanzo. Ni mlango wa kupitia kuingia sebuleni.

Wiki ya nne: kadi

Kabla mwanafunzi hajaandika neno lolote la maelezo, ajaze kadi ya njano. Ina mistari minne: nani, lini, nini, wapi. Yaani nani kaandika, mwaka gani, kichwa cha kazi ni nini, na inapatikana wapi, iwe mchapishaji, gazeti au tovuti. Nimeyapanga hivyo makusudi kwa sababu huo ndio mpangilio wa APA, mtindo wa kuandika marejeleo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambao watakutana nao tena vyuoni. Wanayaimba kama kibwagizo: nani, lini, nini, wapi. Kadi ya njano inapewa herufi, A au B au C.

Kadi nyeupe zinabeba jambo moja kila moja. Juu kulia, herufi ya chanzo na ukurasa. Katikati, maelezo yasiyozidi maneno kumi, na yasiwe sentensi kamili. Kwa mfano: *A, uk. 12. 1,000 plants, Florida, 62 alive, Pangani.* Sheria ya kutoandika sentensi kamili ndiyo inayovunja mkono wa kunakili. Mtoto aliyeandika maneno kumi yaliyokatikakatika hawezi kuyahamisha yalivyo kwenye insha. Itambidi aijenge sentensi mwenyewe.

Pita kati ya vikundi ukiwa na kalamu. Kadi yenye sentensi nzima irudishe palepale kwa upole. Kadi isiyo na herufi ya chanzo, ichukue uiweke mezani kwako na useme haina mwenyewe. Ataifuata na ataandika herufi.

Wiki ya tano: daraja la Kiswahili

Hapa ndipo mwongozo mwingi niliowahi kuusoma unaponiangusha. Unasema "mwambie mwanafunzi aandike kwa maneno yake mwenyewe." Maneno yapi? Kwa Kiingereza hana ya akiba. Anayo ya Kiswahili, tena mengi. Basi tuyatumie kama daraja.

Mimi huandika ubaoni aya fupi niliyoitunga mwenyewe, na kusaini jina langu na mwaka chini yake ili wajue ina mwenyewe:

"Sisal is a tough plant that can grow in dry soil. Its long leaves contain strong white fibres which are used to make ropes, sacks and carpets."

Wasome mara mbili kimya. Kisha nafuta ubao. Wanaguna kila mwaka, lakini futa. Sasa kila mmoja amgeukie jirani yake na amweleze kwa Kiswahili kilichosemwa. Utasikia darasa likichemka: "Mkonge ni mgumu bwana, hata mvua isiponyesha unaota. Wanakata majani, wanayapitisha kwenye korona, zinatoka zile singa nyeupe, ndizo zinasokotwa kamba." Sikiliza hapo: ubaoni hapakuwa na korona. Mtoto kaongeza anachokijua kutoka nyumbani, mashine ile ya kuchuna majani mashambani. Kaielewa habari kiasi cha kuongezea yake.

Baada ya dakika tano, waandike kwa Kiingereza walichokisema kwa Kiswahili, si walichokisoma. Ubao bado mtupu. Kisha andika ubaoni majibu mawili. La kwanza ni la yule aliyejaribu kukumbuka ubao:

"Sisal is a hard plant that can grow in dry land. Its long leaves contain strong white fibres that are used for making ropes, sacks and carpets."

La pili ni la yule aliyepita darajani:

"People can plant sisal even where there is little rain. They cut the leaves and a machine takes out the fibre. After that it becomes rope or carpet."

Waulize lipi ni la kwao. Wengi mwanzoni watasema la kwanza ni bora, kwa sababu Kiingereza chake kinang'aa. Chora mistari chini ya kila neno la jibu la kwanza lililotoka kwangu. Karibu sentensi yote itapigwa mstari. Kilichobadilika ni visawe vitatu vinne vilivyochomekwa. Halafu waonyeshe jibu la pili lina umbo jipya: limeanza na watu badala ya mmea, lina sentensi tatu badala ya mbili, na lina mashine ambayo mimi sikuitaja. Hapo waelekeze pia kwamba hiyo mashine haitoki kwangu, kwa hiyo haiwezi kuandikiwa jina langu. Ni ya mwanafunzi mwenyewe, au ya babu yake.

Rudia zoezi hili mara tatu kwa aya tofauti. Usiharakishe. Kama una wiki tano tu badala ya sita, punguza kwingine.

Wapo wakaguzi na walimu wenzetu watakaosema Kiswahili hakiruhusiwi kwenye kipindi cha Kiingereza. Nimeshaambiwa hivyo. Jibu langu ni madaftari: yaweke mezani, ya kabla na ya baada, wasome. Katika andalio la somo nakiandika wazi kama mbinu, dakika tano za majadiliano ya wawiliwawili, wala sijifichi.

Kunukuu neno kwa neno kuna nafasi yake, ila ndogo. Sheria yangu kwa umri huu: maneno matano mfululizo ya mtu mwingine yawekwe ndani ya alama za kunukuu, na insha nzima isizidi nukuu mbili. Nukuu ni kwa maneno ambayo ukiyabadilisha yanapoteza ladha, kama kauli ya mzee.

Kumtaja mwenye maneno ndani ya insha

Kwa kidato cha kwanza natosheka na "According to" na jina. Hilo tu, mwaka mzima. Kidato cha pili wanaongeza mwaka kwenye mabano, kama vile "Iliffe (1979) explains that" kwa mwanahistoria John Iliffe wa Cambridge, na kosa linalojirudia ni kuandika "According to Iliffe says". Lirekebishe kama kosa la sarufi, kwa sababu ndivyo lilivyo.

Orodha ya mwisho inatoka moja kwa moja kwenye kadi za njano. Zipangwe mezani kwa alfabeti, zinakiliwe moja moja. Ubaoni nawawekea mfano mmoja kamili:

Iliffe, J. (1979). *A modern history of Tanganyika*. Cambridge University Press.

Wapige mstari chini ya kichwa cha kitabu, maana mkono hauwezi kulaza herufi. Kisha kuna suala la majina, ambalo vitabu vya Ulaya havijui linatutatiza. Kwetu mtu anaitwa kwa jina lake, likifuatiwa na la baba, pengine na la babu. Kwenye orodha jina la mwisho ndilo linalotangulia. Shaaban Robert, mtu wa Tanga hapahapa, maktabani utamkuta kwenye R. Wape dakika chache kila mmoja aandike jina lake mwenyewe kwa mtindo huo. Wanafurahi kujiona kama waandishi, na hawasahau tena.

Kitabu cha kiada kikiandikwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, jina la taasisi linakaa mahali pa mwandishi. Tovuti isiyo na mwaka inaandikiwa "n.d.", yaani "no date", mahali pa mwaka, na mwanafunzi ajiulize kwa nini hawakuutaja.

Chanzo chenye mdomo

Katikati ya wiki ya tatu na ya nne, wapeleke kwa wazee. Tanga bado wapo waliofanya kazi kwenye mkonge, na wapo waliozaliwa na manamba, wale vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mikoa ya mbali, kila mmoja na namba yake. Uzalishaji ulifika kilele mwaka 1964, karibu tani 230,000. Takwimu hiyo iko kwenye vitabu. Mkono wa mkataji ulivyokuwa baada ya siku nzima hauko humo.

Wafundishe adabu ya kuuliza kabla ya maswali. Tunaigiza darasani: "Shikamoo babu. Nimetumwa na mwalimu wangu wa Kiingereza. Ukiwa na nafasi, naomba unieleze habari za mkonge." Maswali yasizidi matano, na la mwisho liwe hili: "Nikikutaja jina kwenye kazi yangu ya shule, utaridhia?" Akikataa, anaandikwa "mkataji mkonge wa zamani" na kijiji, basi. Mahojiano yafanyike kwa Kiswahili, au Kisambaa, au Kidigo. Tarehe iandikwe siku hiyohiyo.

Kwa kanuni za APA, mazungumzo kama haya yanatajwa ndani ya insha tu, hayaingii kwenye orodha, kwa kuwa msomaji hawezi kwenda kuyasoma. Mimi kwa kidato cha pili nawaruhusu wayaweke mwishoni mwa orodha, chini ya kichwa kidogo cha peke yake. Najua navunja kanuni, na nawaambia hivyo. Lakini mtoto anapoona jina la bibi yake limekaa chini ya jina la profesa wa Cambridge, anaelewa ujuzi una wenyewe wa aina nyingi.

Simu ya kaka na akili unde

Wanafunzi hawana simu shuleni, nyumbani zipo. Wataleta majibu ya programu za akili unde (AI), na mengine yatakuja na orodha nzuri ya vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Programu hizi hutunga majina ya vitabu, waandishi na hata miaka. Sheria ya darasa ni moja: chanzo ambacho hukukishika wala kukiona kwa macho yako hakiingii kwenye kadi ya njano. Na bila kadi ya njano, kadi nyeupe haina mwenyewe.

Kusahihisha

Insha ni ya maneno 150 hadi 200, na alama ni 20. Swali alama 3, kadi 5, maelezo kwa maneno yake 6, kutaja ndani ya insha 3, orodha 3. Kadi zinaambatishwa nyuma kwa pini. Kadi ndizo nazisoma kwanza, insha baadaye, na kosa la Kiingereza kwenye kadi silikati alama hata moja.

Ukikuta aya iliyonakiliwa, usiandike sifuri. Andika pembeni "Who told you?" urudishe daftari, mpe siku mbili apite darajani upya kwa aya hiyo moja tu. Akirudia kwa makusudi baada ya hapo, hilo ni jambo la nidhamu na lina njia yake. Kwangu walirudia wachache sana.

Wiki ya sita

Kila kikundi kinamtoa msomaji mmoja. Anasoma insha mbele, kadi zimepangwa mezani. Yeyote kati ya wasikilizaji anaweza kunyoosha mkono na kuuliza "Who told you?", na msomaji anatakiwa kuinyanyua kadi yenyewe na kuisoma herufi yake. Akiikosa, sentensi hiyo inakatwa na anaendelea. Dakika sita kila kikundi, vikundi 12, ni dakika 72. Zilizobaki ni za kukusanya karatasi na kuhesabu namba nyekundu, 1 mpaka 12.

Kadi zikishasahihishwa nazifunga kwa mpira kikundi kwa kikundi na kuzihifadhi kwenye boksi la chaki. Mwaka unaofuata, siku ya kwanza ya wiki ya nne, nawapa wadogo zao wazipekue kadi hizo pamoja na vyanzo vilevile na kutafuta ni wapi kaka na dada zao walikosea ukurasa, mwaka au jina. Hupata makosa kila mara, na huyarekebisha kwa kalamu ya risasi, pembeni wakiandika jina lao na tarehe.